Mjukuu wa Moyo wa Kulia

Mtoto wa panya anapozaliwa huwa mwekundu, hana manyoya wala hajafungua macho, na ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba akishanyonya, maziwa huonekana ndani yake kama doa jeupe. Doa hilo hukaa kushoto, kwa sababu mfuko wa chakula wa panya, kama wetu, uko kushoto. Kazi ya shangazi yangu ilikuwa kuwainua watoto hao mmoja mmoja, kuwageuza kwenye mwanga wa dirisha, na kusema doa liko upande gani.

"Kushoto," alikuwa akisema. "Kushoto. Kushoto tena. Huyu mkaidi, kulia."

Wale wa kulia aliwaita wakaidi, lakini kwa sauti ile ile anayomtania nayo mtoto wa ndugu yake aliyekataa kunywa uji.

Jengo alimofanyia kazi lilikuwa nyuma ya chuo. Madirisha yake yalikuwa ya juu, na ukikaribia ulipokewa na harufu ya maranda na dawa ya kusafishia. Kila mtu aliliita nyumba ya wanyama, ingawa ndani hamkuwa na mnyama mwingine ila panya, vizimba juu ya vizimba, rafu kutoka sakafuni hadi usawa wa macho. Watafiti wa hapo walitaka kujua jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulifikiria: mwili unajuaje kushoto na kulia? Kwa nje mkono huu unafanana na ule, na sikio hili linafanana na lile. Kwa ndani, moyo umeegemea kushoto, ini limelala kulia, na utumbo umejikunja kwa namna ile ile kwa karibu kila mtu. Nani aliupa mwili maagizo hayo?

Mkuu wa utafiti alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani ambayo huisahau juu ya kichwa kisha akaitafuta mezani. Wote walimwita Daktari. Alikuwa na ukoo wa panya ambao jeni yao moja ilikuwa na hitilafu, na katika ukoo huo upande ulichaguliwa kama sarafu iliyorushwa hewani. Watoto wengine viungo vyao vilikaa kama kawaida. Wengine vilikaa kinyume chote, kama sura kwenye kioo. Na wachache wasio na bahati vilikaa ovyo, moyo huku, mfuko wa chakula kule. Hao wachache hawakudumu, na Shangazi aliwafunga kwenye pamba kabla ya kuwatoa, ingawa hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Aliingia pale kama mfagiaji, mjane mwenye binti mmoja wa kulea. Siku moja msaidizi wa vizimba hakuja, naye akaombwa ashike panya wawili wakati maranda yao yanabadilishwa. Daktari aliona kwamba panya hao, ambao huuma kila mtu, walikuwa wametulia viganjani mwake wakinusa vidole.

"Una mikono ya mkunga," Daktari alimwambia.

"Nina mikono ya ufagio, Daktari. Labda wamezoea kufagiliwa."

Basi akaachishwa ufagio.

Jambo la kwanza alilofundishwa, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo, lilikuwa sheria ya vyumba: unaanza na chumba kilicho safi zaidi, unamaliza na kile chenye wagonjwa, na siku hiyo hurudi nyuma. Ukishaingia kwenye wagonjwa, kile safi kimekwisha kwako mpaka uoge, ubadili nguo, ulale, uje kesho. Alipokuwa bado mgeni aliona sheria hiyo kuwa madaha ya wasomi. Kisha mgeni mmoja akaingia na viatu vyake vya nje, na ndani ya muda mfupi chumba kizima kikaugua. Hapakuwa na tiba. Vizimba vyote viliondolewa, na chumba kikafukizwa dawa. Shangazi alikaa kwenye ngazi ya nyuma akalia kama aliyefiwa. Tangu hapo hakuna aliyemzidi kwa kuishika sheria. Alinawa mpaka ngozi ya vidole ikawa na mikunjo ya kudumu.

Huko nyumbani kuna binti yake, ambaye tangu utotoni tulimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata akiwa usingizini. Chiriku ni fundi cherehani. Ana chumba cha duka mbele na cha kulala nyuma, mtaa wa pili kutoka kwa mama yake, na mume wake ni fundi wa majokofu, mtu mrefu asiyepoteza maneno. Walikaa miaka wakisubiri mtoto, mpaka watu wa karibu wakaacha kuuliza. Mimba iliposhika, Chiriku alifunga duka asubuhi ile akakimbia hadi nyumba ya wanyama akiwa na futi ya kupimia shingoni na sindano kwenye ukosi.

Tangu siku hiyo Shangazi alipitia dukani kila jioni. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaiweka miguu ya binti yake mapajani mwake, akaikanda huku akizungumza na tumbo.

"Wewe mpangaji wa humo, kodi yenyewe ndiyo mateke haya?"

"Mama, usimchokoze, ataanza tena."

"Aanze. Mwenye nyumba yuko hapa."

Miguu iliyovimba ilipungua chini ya vidole vyake, na cherehani ikakaa kimya ikingoja.

Jioni moja aliwakuta wamerudi kutoka kupiga picha ya ultrasaundi. Mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni. Chiriku alikuwa amekwisha kuketi, miguu juu, akimngoja.

"Mama, mjukuu wako mbishi kuliko wewe," alianza, hata salamu haijaisha. "Moyo ameuweka kulia."

Shangazi alikuwa ameanza kukanda. "Umesemaje?"

"Moyo. Watu wote huweka kushoto, yeye kaweka kulia. Yule wa kwenye mashine kaangalia, kamwita mwenzake. Mwenzake kaangalia, kamwita daktari. Wote watatu wanakodolea kioo kama wanatazama mpira, mimi nimelala pale na mafuta baridi tumboni nauliza, jamani, nani amefunga goli?"

"Wamesema turudi," mkwe aliongeza taratibu. "Mtoto akikua kidogo wataona vizuri. Wakati mwingine hakuna shida, na wakati mwingine ipo."

Shangazi aliinua mikono kutoka kwenye miguu ya mwanawe kama mtu aliyeshika sufuria la moto.

"Vipi, Mama?"

"Nimekumbuka nimeacha jiko linawaka."

"Jiko lipi, na wewe unatoka kazini?"

Lakini alikuwa ameshavuka kizingiti, mikono ameishika kifuani, hataki iguse kitu.

Alinisimulia baadaye kwamba njia nzima hadi nyumbani alisikia methali moja tu kichwani: mchuma janga hula na wa kwao. Kila siku alikuwa amewashika wale wakaidi, akawapulizia joto, akawafutia midomo, kisha jioni, kwa mikono ile ile, akaikanda miguu ya mwanawe mjamzito. Chumba cha wagonjwa kwanza, kisha chumba safi. Kazini asingethubutu. Nyumbani aliifanya kinyume kila siku, na matokeo yake ndiyo hayo kwenye kioo cha mashine.

Mngeweza kuuliza, kwa nini hakumwendea Daktari? Niliuliza hivyo hivyo. Aliniambia, "Mwanangu, swali ambalo jibu lake linaweza kukuua huliulizi mbio mbio."

Basi akafanya alichokijua. Alioga kazini, akaoga tena nyumbani. Aliacha kuingia dukani. Alisimama upande wa pili wa barabara akamsalimia binti yake kwa kupunga mkono, akisema ana mafua. Wiki iliyofuata mafua yakawa kikohozi. Alipika supu ya mboga, akaiacha kwenye kizingiti ndani ya chombo chenye mfuniko, akapiga hodi, akaondoka haraka kabla mlango haujafunguliwa.

"Mama!" Chiriku alimwita siku moja akiwa dirishani. "Kikohozi gani hiki kisichokohoa?"

Shangazi, aliyekuwa tayari kwenye kona, alikohoa mara mbili kwa ajili yake.

Mkwe alitumwa kupeleleza. Alimkuta mama mkwe wake uani, ananawa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Simama hapo hapo, pana utelezi."

Hapakuwa na utelezi. Akasimama. "Mama, jokofu likiacha kupoza, mimi nalifungua kwa nyuma, nione ni waya gani umekatika. Sasa wewe nikufungulie wapi?"

Shangazi alicheka, akaendelea kunawa. "Mwambie ale vizuri. Mwambie asilale chali."

"Anataka umwambie mwenyewe."

"Mwambie hivyo hivyo."

Mkwe alirudi na ujumbe huo, wala haukusaidia. Chiriku hakuwa mtu wa kukaa na jambo moyoni bila kulipatia maelezo, na maelezo aliyoyapata yalikuwa mabaya kuliko ukweli. Mama yake ameona watoto kama hawa. Anajua huwa wanaishia wapi. Basi ameanza kujitenga mapema, asije akamzoea. "Wale wa panya anawashika," alimwambia mumewe. "Wangu hataki hata kulikaribia tumbo alimo." Vishati vidogo alivyokuwa anavishona, vya kitambaa chepesi cha maua, akavikunja akaviweka chini ya nguo za wateja.

Siku alipoamua kwenda, hakumwambia mtu. Ilikuwa mchana, jua kali, na tumbo limeshakuwa zito. Alitembea pole pole hadi lango la nyumba ya wanyama, akamwambia mlinzi amwite mama yake. Wageni hawaruhusiwi kupita lango. Mlinzi, aliyemjua tangu mtoto, alimsogezea kiti chake akaenda kuita.

Shangazi alitoka mbio, akidhani uchungu umeanza kabla ya wakati. Alikuwa bado na gauni la kazi na viatu vya mpira. Nusu ya uwanja akajitazama, akakumbuka alikotoka, akasimama ghafla kama amefika ukingoni mwa shimo.

"Usisogee! Baki hapo hapo!"

"Sisogei," Chiriku alisema. Hakuketi kwenye kiti. "Nina swali moja. Ukinijibu naondoka. Mtoto wangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Mimi je?"

"Wala wewe."

"Basi kosa ni la nani? Maana naachiwa chakula kizingitini kama paka wa jirani. Nikikuita unakimbia. Hata mwenye ukoma husalimiwa, Mama."

Mlinzi alianza kulichunguza kufuli la lango kana kwamba halijui.

"Ni mimi," Shangazi alisema. "Nimekuletea mimi."

"Umeniletea nini?"

"Huo moyo."

Na pale pale, katikati ya uwanja, kwa sauti ya kutosha kumfikia binti yake na isiyotosha kufika madirishani, akamweleza. Doa la maziwa. Wakaidi. Chumba safi na chumba cha wagonjwa. Mikono yake, na miguu iliyovimba, kila jioni. "Nilikuwa nakukanda, kumbe nakupaka," alisema. "Nikaona nikae mbali, labda isizidi. Labda itabaki hapo kwenye moyo, isifike kwingine."

Chiriku alikishika kile kiti kwa mkono mmoja. Akaketi. Akafungua mdomo kucheka, machozi yakatangulia.

"Kwa hiyo ulikuwa unanikimbia ili usiniambukize."

"Ningefanyaje tena, mwanangu?"

"Mimi nikadhani umemkataa."

"Nimkatae nani? Mpangaji wangu?"

Walitazamana, nusu ya uwanja kati yao. Chiriku alijifuta uso kwa kitambaa alichokuja nacho, kipande cha kile cha maua. Kisha, kwa kuwa ni fundi, na fundi akiona mshono umekaa vibaya hawezi kuacha kuuvuta, akaanza kuuliza.

"Hao wakaidi wako wana chumba chao peke yao?"

"Hapana. Wako na wengine."

"Wengine gani?"

"Wale wa kawaida. Wa kulinganishia. Wanakaa rafu ya chini."

"Nani anawahudumia hao wa chini?"

"Mimi."

"Kwa mikono hiyo hiyo?"

"Nabadili glavu."

"Kila mara?"

Shangazi hakuwa mwongo. "Inatakiwa kila mara."

"Mama."

"Karibu kila mara."

"Na hao wa chini wakizaa, doa la watoto wao linakaa wapi?"

Shangazi aliigeuza mikono yake, akaitazama. Ananiambia kwamba wakati ule aliwaona wote, watoto wote wa rafu ya chini aliowahi kuwainua kwenye mwanga, mzao kwa mzao, wekundu kama vidole vya mtu aliyetoka kwenye baridi. Aliwapitia akimtafuta hata mmoja.

"Kushoto," alisema polepole.

"Wote?"

"Wote. Sijawahi kuona..." Akasita. "Hata mmoja."

"Wanavuta hewa moja, wanashikwa na mkono mmoja, wanalala ukuta kwa ukuta na wakaidi. Na miaka yote hiyo hawajaambukizwa. Mimi ninayekaa mtaa wa pili, nikandwe miguu tu, ndiyo niambukizwe mtoto tumboni?"

Shangazi aliketi chini, kwenye saruji, gauni la kazi na yote. Aliificha sura yake kwenye mikono.

"Sasa inuka uje hapa," Chiriku alisema.

"Nikaoge kwanza."

"Mama, njoo!"

Mlinzi alinisimulia kwamba hakuona kilichofuata, kwa sababu lile kufuli lilikuwa linamhitaji sana.

Daktari aliwakuta wamekaa kwenye kiti kimoja. Alipoelezwa, aliitafuta miwani yake usoni, akaipata kichwani, akaivaa, akaivua tena. "Hilo ni letu," alisema. "Tulikufundisha jinsi ugonjwa unavyotembea. Hatukukaa chini tukakwambia kwamba jeni haitembei hivyo. Jeni haishiki kwenye kiatu, wala haipiti kwenye kiganja. Mtoto huipata kwa wazazi wake anapotungwa, au hitilafu hutokea pale pale mwanzoni. Baada ya hapo hakuna anayeweza kumpaka."

Kisha akawaeleza jambo ambalo mimi, pamoja na madarasa yote niliyoyapitia, sijasikia likielezwa vizuri zaidi. Alisema kwamba mwanzoni kabisa kiinitete hakina kushoto wala kulia. Ni kitu kidogo kuliko mbegu, kimelingana pande zote mbili. Katikati yake hutokea kishimo, na ndani ya kishimo hicho mna vinywele ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vinywele hivyo huzunguka, vikasukuma majimaji yaliyomo kuelekea upande mmoja. Huo ndio huwa kushoto. Upande huo hupata habari, jeni fulani huamka, zikaamsha nyingine, na moyo, uliokuwa mrija ulionyooka, ukajua pa kupinda. Vinywele visipozunguka, hakuna habari inayofika. Mwili hauna budi kubahatisha.

"Kwa hiyo," Chiriku aliuliza, "vimegoma kwangu au kwa mume wangu?"

"Huenda kila mmoja wenu amebeba nakala moja yenye hitilafu bila kujua, na mtoto akazipata zote mbili. Huenda ni sababu nyingine kabisa. Mara nyingi hatujui. Ila si kosa la mtu."

"Na akiwa amegeuka, ataishi?"

Daktari hakumdanganya. Alisema kwamba wanaogeuka chote, wengi huishi kama watu wengine, na baadhi huzeeka bila kujua. Hatari kubwa ni kugeuka nusu.

Chiriku alifikiri kidogo. "Ni kama kukata shati. Ukikata vipande vyote kinyume, shati linavalika. Balaa ni ukikata mikono miwili yote ya kushoto."

"Ndiyo hasa," alisema Daktari.

Shangazi ndiye aliyekuwa amewafunga kwenye pamba wale wa mikono miwili ya kushoto, na sasa hofu moja ilikuwa imeondoka ikaipisha nyingine. Lakini hii ya pili hakuikimbia. Siku ya kurudi kwenye picha aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la kutokea, akaketi kando ya kitanda huku ameshika kisigino cha binti yake, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Mtaalamu wa picha alikuwa kijana mwenye kuongea kidogo. Alikisogeza kifaa huku na huku. "Moyo huu hapa. Bado uko kulia."

"Na mfuko wa chakula?" Shangazi aliuliza.

Kijana alimtazama, akarudi kwenye kioo. Kwenye kioo hicho mlikuwa na weusi, na weupe kama moshi, na kitu kinachodunda. Chiriku alikuwa amefumba macho. Mumewe, ambaye hapotezi maneno, alikuwa anamwomba Mungu kwa sauti bila kujua.

"Nao uko kulia," kijana alisema. "Na ini naliona kushoto. Vyote vimegeuka, kwa ninavyoona. Akizaliwa ataangaliwa tena."

Kisigino kilichokuwa kimeshikwa kiliminywa mpaka mwenyewe akapiga kelele.

Alizaliwa msichana, asubuhi, akilia kwa hasira. Moyo wake ulikuwa mzima, kule kule alikouweka. Ila kifua kilikuwa na sauti, kama birika linalokaribia kuchemka, na pua haikukauka. Alibaki hospitali siku kadhaa akisaidiwa kupumua. Daktari wa watoto alieleza kwamba vinywele kama vile vya mwanzo vimo pia puani na kwenye njia za hewa, kazi yake kufagia makohozi nje. Huenda vya mtoto huyu ni vivivu huko nako. Atapimwa akikua. Kwa sasa, makohozi yasipotoka yenyewe, yasaidiwe kutoka: mtoto alazwe kifudifudi mapajani, kichwa kikiwa chini kidogo, apigwe mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, asubuhi na jioni, kila siku, pengine kwa miaka.

Muuguzi aliwaonyesha. Kila pigo lilitoa mlio mdogo mzito, puf, puf, na Chiriku akageuza uso.

"Mimi sitaweza. Nitamvunja."

Mume aliitazama mikono yake, yenye makovu ya mabomba ya shaba, akairudisha mfukoni. "Hii hata mimi siiamini."

"Basi ni nani hapa mwenye mkono mwepesi?" muuguzi aliuliza.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Alikuwa amekwisha kumbeba mjukuu wake, amemnusa, amemwita mpangaji aliyehama. Lakini kumpiga? Mtoto aliyengojwa hivi?

"Huyo," Chiriku alisema bila kugeuka. "Mama yangu."

"Sijawahi kupiga mtoto," Shangazi alisema.

"Ndiyo maana."

Akaketi. Akawekewa mtoto mapajani, mwepesi kuliko alivyotarajia, mgongo wote ukitoshana na kiganja chake. Alianza taratibu mno. Muuguzi akamwambia aongeze. Akaongeza. Puf, puf. Mtoto alikunja uso, akajikunja, akakohoa kitu cheupe kwenye kitambaa cha maua, akashusha pumzi ndefu, na ile sauti ya birika ikapungua.

Sasa hupitia dukani mara mbili, asubuhi kabla ya kwenda kwenye vizimba na jioni akirudi. Asubuhi ile niliyomtembelea, nilimkuta kwenye benchi la wateja, mtoto mapajani, kichwa chini, miguu ikining'inia kwa starehe. Chiriku alikuwa kwenye cherehani, mdomo umejaa pini na bado anaongea.

"Mama, ongeza mkono. Unampiga kama unambembeleza."

"Namfanyia vyote viwili. Wewe shona."

"Haya. Lakini utachelewa kazini."

"Watasubiri," alisema, na mkono wake haukusimama.